Jina Liwe Daftarini Kabla ya Kiangazi: Mwongozo kwa Mfugaji wa Lamu Anayetafuta Msaada wa Serikali

Kila ukame unapobana, malalamiko ya wafugaji wa Lamu ni yale yale: msaada umekuja, umegawanywa, na aliyepoteza ng'ombe wengi hakupata hata robota moja la nyasi. Wakati mwingine hiyo ni dhuluma, na nitaeleza huko chini jinsi ya kuifuatilia. Lakini mara nyingi orodha iliyotumika iliandikwa miezi mingi nyuma, malisho yakiwa mabichi na kila mtu akiwa na raha zake, na mwenye mifugo hakujiandikisha kwa sababu hakuwa na shida siku hiyo. Ukame ukishaingia, afisa hana muda wa kuanza daftari jipya. Huchukua lililopo.

Maelezo haya ni ya mfugaji wa Witu, Hindi, Bargoni, Mkunumbi na Dide Waride, na pia wa visiwani, Faza na Pate, mwenye mbuzi kadhaa na punda wa kubebea mizigo. Aliye Malindi au Magarini anaweza kuyafuata vile vile, ila ofisi zake za kaunti ni za Kilifi.

Jua kwanza unagonga mlango gani

Serikali ya Kenya haimlipi kila mwenye ng'ombe kila msimu. Anayekuambia kuna "pesa za ng'ombe" kutoka Nairobi, na kwamba umtumie mia tano akuandikishe, ni tapeli; kujiandikisha hakulipiwi. Msaada upo kweli, lakini umetawanyika kwenye milango mingi na kila mlango una mwenyewe.

Kuna ruzuku ya pembejeo. Mbolea ya serikali ilishushwa hadi shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, kisha shilingi 2,500 mwaka 2023. Wafugaji wengi huiona kuwa ni ya watu wa mahindi wa Mpeketoni, lakini daftari linalotumika kuigawa ndilo daftari la taifa la wakulima na wafugaji, kwa hiyo kuliacha ni kujitoa wewe mwenyewe. Kuna chanjo za mifugo: kampeni ya taifa iliyoanza mwaka 2025 ililenga ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi. Kuna ununuzi wa mifugo wakati wa ukame, ambapo serikali hununua mnyama aliyedhoofika kabla hajafa, akachinjwa, na nyama ikapewa familia zenye njaa. Kazi hiyo imefanywa sana kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, yaani KMC, yenye viwanda Athi River na Kibarani, Mombasa. Kuna nyasi na vyakula vya mifugo vinavyogawiwa kiangazi kikizidi. Kuna bima ya mifugo ambayo sehemu ya gharama yake hulipwa na serikali. Na kuna fidia ya mnyama aliyeliwa na simba au fisi.

Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii wanazopata wazee wa miaka 70 na zaidi ni jambo jingine kabisa. Usikubali kuambiwa "wewe nyumbani kwenu mzee anapokea, basi huna haki ya nyasi."

Jambo moja la kuliweka akilini: kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ufugaji wa kila siku, yaani minada, machinjio na udhibiti wa magonjwa ya mifugo, ni kazi ya kaunti, na makao yake kwetu ni Mokowe. Fedha kubwa za ukame na daftari la taifa viko upande wa serikali kuu, ambao huku chini ni chifu na naibu wake. Ndiyo maana mtu huzungushwa. Chifu anamtuma kwa afisa mifugo, afisa mifugo anamrudisha kwa chifu, na wote wawili wanasema kweli kuhusu mlango wao.

Hatua ya kwanza: kitambulisho na laini ya simu

Kitambulisho kiwe chako na laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho hicho hicho. Sisitiza hili nyumbani. Vijana wengi wa machungani hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au mjomba aliyeko mjini, na ujumbe wa vocha au malipo ya M-Pesa ukija, unakwenda kwa jina lisilolingana na daftari na malipo yanakwama. Nenda kwa wakala, hakikisha laini ni yako, na usiitupe kila ukipata ofa ya mtandao mwingine. Kama umebadilisha namba, rudi kwa aliyekuandikisha airekebishe.

Hatua ya pili: hesabu mifugo yako na uiandike

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wetu tunapokataa.

Mfugaji hapendi kutaja idadi. Muulize mzee wa Kiorma ana ng'ombe wangapi atakujibu, "Mungu amejaalia, wapo." Sababu anazo. Kutaja idadi ni kuita husuda. Ni kumpa taarifa mwizi wa mifugo. Ni kujitangaza kwa kila mwenye shida ukooni. Na wazee wanakumbuka enzi ambapo afisa akihesabu ng'ombe wako, kinachofuata ni kodi au kulazimishwa kuwapunguza. Sitawadharau kwa hilo. Lakini ukienda kwa afisa mifugo baada ya ukame ukasema ulikuwa na ng'ombe 60 wakabaki 11, na hakuna karatasi yoyote ya nyuma inayosema 60, yeye ataandika 11. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa wengi wetu hesabu ipo tayari. Mfugaji Mwislamu anayetoa zaka anajua vizuri nisabu, yaani idadi ya chini inayomlazimu kutoa zaka: ng'ombe 30, mbuzi au kondoo 40, ngamia 5. Hawezi kujua kama amefika nisabu bila kuhesabu, na anahesabu mara moja kwa mwaka, kwa uaminifu, kwa sababu anayemhesabia si afisa. Basi siku hiyo hiyo ya zaka, chukua daftari la shule la kawaida, uandike. Majike wazima wangapi, madume wangapi, mitamba, ndama. Mbuzi na kondoo kando. Punda kando, na usimdharau punda: kule Amu, yaani kisiwa cha Lamu, na Pate ndiye gari la familia, na naye hufa kwa kukosa maji na majani. Andika tarehe na mahali walipokuwa siku hiyo. Kama hujui kuandika, mwanao wa darasa la sita anatosha.

Kisha piga picha za kundi kwa simu, picha zinazoonyesha alama ya chuma cha moto au mkato wa sikio. Kuna sheria ya Kenya ya kusajili alama za mifugo, na alama iliyosajiliwa ina nguvu kuliko maneno yako, hasa mifugo ikivuka kwenda Tana River na kuchanganyika na ya wengine.

Karatasi nyingine zitunzeni zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni usiopenya maji: cheti cha chanjo, kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo, risiti ya mnadani, risiti ya dawa. Kibali cha kusafirisha kinabeba idadi na tarehe, kimeandikwa na afisa wa serikali mwenyewe. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba mwezi fulani ulikuwa na ng'ombe 40, na bado watu huwashia moto wa chai.

Hatua ya tatu: jiandikishe kwa chifu na kwa afisa mifugo, sehemu zote mbili

Daftari la taifa la wakulima huitwa KIAMIS. Usajili wake ulianza kwa machifu na manaibu wao mwaka 2022, na ndilo linalotoa vocha za mbolea zinazokuja kwa ujumbe wa simu. Ukienda kwa chifu, sema wazi kwamba wewe ni mfugaji na utaje mifugo, maana anayeandikisha kwa haraka huuliza ekari tu na zao gani, akafunga. Nimeona watu walioandikwa "mahindi, ekari moja" ilhali maisha yao yote ni ng'ombe. Kabla hujaondoka mwombe akusomee alichoandika: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, wadi, kijiji, mifugo.

Kisha nenda kwa afisa mifugo wa wadi. Daftari lake ni la kaunti, na ndilo linaloongoza chanjo, dawa za kupambana na mbung'o na ugawaji wa nyasi. Mpe nakala ya hesabu yako.

Sasa neno kwa akina mama. Baba anapohamia na ng'ombe bondeni Tana kwa miezi, daftari la kijiji huandika "mkuu wa kaya hayupo" na nyumba nzima inarukwa. Mbuzi wa maziwa wako mikononi mwa mama, maziwa anauza mama, na ukame ukija ni yeye anayenunua unga. Mama ajiandikishe kwa kitambulisho chake na kwa mifugo iliyo chini ya mkono wake. Mjane asisubiri shemeji amwandikishie. Kundi likiandikwa kwa jina la shemeji, msaada utakwenda kwa shemeji. Wapo wazee watakaosema hili linaleta ugomvi nyumbani. Ugomvi mkubwa zaidi huja pale msaada unapofika na mwenye watoto hayumo.

Wa Basuba na Kiunga, ambako kwa ajili ya usalama baraza halifanyiki mara kwa mara, msingoje kuitwa. Chagueni watu wawili wanaoaminika wapeleke orodha ya kijiji kizima pamoja na nakala za vitambulisho kwa naibu wa chifu, kisha warudi na jibu la maandishi.

Hatua ya nne: jifunze kusoma hali ya ukame

Msaada wa dharura hauanzi kwa sababu sisi tumeona majani yamekauka. Unaanza pale Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, inapobadilisha hali ya kaunti. Kila mwezi NDMA hutoa taarifa kwa kaunti 23 za maeneo makavu, Lamu na Kilifi zikiwemo. Hali huenda kwa madaraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kupona. Wanaangalia mvua, ukijani wa malisho unaoonekana kutoka kwa setilaiti, umbali ambao mifugo hutembea hadi kwenye maji, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, maziwa yanayopatikana nyumbani, na unene wa mkono wa mtoto.

Sehemu ya takwimu hizo hutoka kwa familia zilizochaguliwa vijijini, ambazo huulizwa kila mwezi. Kama nyumba yako ni mojawapo, jibu kwa ukweli. Ukisema maji yako karibu ili usionekane mnyonge, umewanyima majirani zako wote tahadhari.

Hali ikifika "tahadhari", usingoje "dharura" kuuza. Uza mapema madume na majike yaliyozeeka, bei ikiwa bado ina maana. Serikali inaponunua mifugo iliyodhoofika hununua idadi ndogo, na huanza baada ya wengi kuwa wamekwisha kufa. Ukame wa mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 Kenya nzima, na hiyo ni licha ya ununuzi wa serikali na Rais kutangaza ukame kuwa janga la taifa tangu Septemba 2021. Ununuzi ukitangazwa, muulize chifu mambo matatu: kituo ni wapi, siku gani, na kila kijiji kimetengewa wanyama wangapi. La tatu ndilo linaloulizwa kidogo, na ndilo linalozuia mtu mmoja kuleta lori zima.

Hatua ya tano: bima, kama itafika kwako

Bima ya mifugo kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, kwa kuanzia Turkana na Wajir, ikiwalipia kaya zilizochaguliwa bima ya hadi ng'ombe 5, mbuzi 10 wakihesabiwa kuwa sawa na ng'ombe mmoja. Mpango ulipanuka hadi kaunti nane, jirani zetu wa Tana River na Garissa wakiwemo. Mradi wa kikanda uliofuata mwaka 2022, unaoitwa DRIVE, ulibadilisha utaratibu: mfugaji analipa sehemu ya ada, mradi unalipa sehemu, na kila kitu kinapitia simu.

Kitu ambacho mawakala hawakielezi vizuri ni hiki: bima hii hailipi kwa mzoga. Inalipa pale setilaiti inapoonyesha kwamba malisho ya eneo lako yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, hata kama ng'ombe wako wote wako hai. Na haitalipa kama ng'ombe amekufa kwa homa ya mapafu, ameibiwa au amezama mtoni. Nia yake ni upate pesa ya nyasi na maji kabla mnyama hajaanguka. Kwa hiyo ukiletewa bima, muulize wakala: eneo langu kwenye ramani yenu ni lipi, msimu wake unaanza na kuisha lini, na malipo yanaanza malisho yakishuka kiasi gani? Akishindwa kujibu hayo, usilipe siku hiyo. Walio na mashaka ya kidini kuhusu bima wamuulize wakala kama kuna ya takaful, yaani bima inayofuata sheria ya Kiislamu. Zimewahi kuuzwa kwa wafugaji Waislamu wa kaskazini.

Hatua ya sita: simba, chui au fisi akiua

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia ya mifugo kwa bei ya soko. Toa taarifa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, siku ile ile. Usiuondoe mzoga, usiuchune. Piga picha za mzoga, nyayo na boma lako. Ita jirani ashuhudie, kisha daktari wa mifugo aandike chanzo cha kifo na thamani. Picha ya boma ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa sheria inanyima fidia kama mwenye mifugo hakuchukua hatua za kutosha kuilinda. Boma la miiba lililo zima likionekana kwenye picha, wamekosa sababu hiyo. Madai hupitia kamati ya kaunti ya wanyamapori na huchukua muda mrefu sana kulipwa. Weka nakala ya fomu na uulizie kila baada ya miezi michache.

Vikundi

Miradi mingi ya mifugo hupitia vikundi vilivyosajiliwa, watu kumi au zaidi, wenye akaunti na kumbukumbu za mikutano. Ingieni na watu mnaofahamiana. Kikundi kilichoundwa siku gari la mradi lilipoonekana huvunjika siku pesa zinapoingia.

Hatua ya saba: ingia kwenye bajeti

Nyasi za kiangazi zinanunuliwa kwa fungu lililopitishwa mwaka uliotangulia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kaunti lazima iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na Sheria ya Fedha za Umma ya 2012 inataka wananchi washirikishwe. Katika vikao hivyo, kama wafugaji wako machungani, watakaosikika ni wa barabara na taa za mjini. Tumeni watu watatu wenye ombi moja lililoandikwa, lenye kiasi: josho la mahali fulani likarabatiwe, marobota kadhaa ya nyasi yawekwe ghalani Witu na Hindi kabla ya Januari. Ombi lisilo na mahali wala kiasi haliandikiki kwenye bajeti.

Hatua ya nane: daini orodha

Nchini Marekani, mfugaji hulipwa kwa malisho yaliyoharibiwa na ukame kulingana na ramani ya ukame ya kaunti yake, na hapati kitu kama hakuwa amewasilisha taarifa za ardhi yake ya malisho katika ofisi ya kilimo. Huko nako karatasi hutangulia. Lakini wana kitu ambacho sisi tunapaswa kukidai: shirika liitwalo Environmental Working Group limechapisha majina ya wanaopokea ruzuku za kilimo, kaunti kwa kaunti, na kiasi alichopata kila mmoja. Jirani anaweza kuona.

Na sisi haki hiyo tunayo kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Kwanza omba orodha isomwe barazani, kabla ya ugawaji, mbele ya watu wa kijiji wanaojua nani ana mifugo na nani hana. Machifu wengi waungwana hukubali, kwa kuwa inawalinda wao wenyewe. Ikikataliwa, andika barua kwa ofisi iliyogawa, kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Taja msaada gani, tarehe gani, wadi gani, na uombe idadi iliyopokelewa, vigezo vilivyotumika na orodha ya waliopewa. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka kujua, na kuomba hakuna ada. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo na afisa ana wajibu wa kumwandikia.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hapo unahitaji kuonyesha kwamba uliomba kweli. Kwa hiyo peleka nakala mbili za barua, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wenye tarehe, na hii ya muhuri uiweke kwenye mfuko ule ule wa nailoni pamoja na hesabu ya ng'ombe na vibali.